HDMI au AV? Waya wa kuchomeka kwenye TV yako

Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ilipofuata mwaka 2015, kila nyumba iliambiwa imeingia dijitali. Kilichokuja hewani kweli kilikuwa dijitali. Lakini kwenye ile mita moja na nusu ya mwisho, kutoka king'amuzi hadi TV, watu wengi walichomeka waya wa njano, nyekundu na nyeupe uliokuwemo ndani ya boksi, na mpaka leo uko hapohapo. King'amuzi kinapokea dijitali, kinaigeuza analojia ili ipite kwenye waya, halafu flati skrini inaigeuza tena dijitali ndipo iioneshe. Mwenye nyumba anaona picha ya ukungu, namba za mgongoni mwa wachezaji hazisomeki, na lawama zote anaibebesha TV.

Hata hivyo, waya wa AV haujapitwa na wakati kwa kila mtu, na HDMI si dawa ya kila picha mbaya. Hapa tunalinganisha njia nne zinazokutwa majumbani: AV ya kawaida, component, VGA na HDMI.

Pima nini kabla ya kununua

La kwanza, na ndilo linaloamua mengine, ni matundu. Chukua simu, piga picha nyuma ya TV na nyuma ya kifaa kingine, kisha nenda nazo dukani. HDMI ni tundu bapa lenye kona mbili za chini zilizokatwa, ndani yake kuna pini 19. AV ni matundu matatu ya duara: njano, nyeupe, nyekundu. Component nayo ni ya duara, ila ni kijani, bluu na nyekundu, pamoja na mengine mawili ya sauti. VGA ina matundu madogo 15 katika safu tatu, na mara nyingi plastiki yake ni ya bluu. TV nyingi za miaka ya karibuni zimeondoa duara tatu za AV, zikabakiza kitundu kimoja kama cha earphone kilichoandikwa "AV IN".

La pili ni chanzo: kifaa chenyewe kinatoa picha ya kiwango gani? Picha ya kawaida ya mfumo wetu wa PAL ina pikseli 720 kwa 576, yaani 414,720. Picha ya HD kamili ina 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600, ambazo ni mara tano barabara. Waya hauwezi kuongeza pikseli ambazo kifaa hakikuzitoa. Kanda ya VHS itabaki VHS hata ukiipitisha kwenye waya wa bei gani.

Baada ya hayo tazama sauti inapitia wapi, umbali kati ya vifaa, na jinsi kila waya unavyoonesha kuwa umeharibika. Hili la mwisho watu hulipuuza, na ndilo linalowafanya watupe king'amuzi kizima wakati kilichokufa ni kichwa cha waya.

AV: njano, nyeupe, nyekundu

Picha yote, mwanga na rangi pamoja, hupita kwenye waya mmoja tu wa njano. TV ikishaipokea inabidi itenganishe vitu viwili vilivyochanganywa, na haiwezi kuvitenganisha kikamilifu. Ndiyo maana maandishi mekundu huvuja rangi pembeni, na kwenye mipaka ya rangi kali unaona vinukta vinatambaa kama sisimizi. Kwenye TV ya chogo ya inchi 21, ukiwa umekaa mita tatu, kasoro hizo huzioni. Kwenye flati ya inchi 43 zinakuzwa zote.

Sauti ni ya spika mbili tu: nyeupe kushoto, nyekundu kulia. TV yenye tundu moja la sauti, ichomekee nyeupe, nyekundu iache ikining'inia.

Kwenye umbali, AV ni hodari kuliko inavyodhaniwa. Ukichukua waya wa dishi wa RG6, au RG59, ambao nao ni wa omu 75 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), ukaufunga vichwa vya AV pande zote mbili, picha inasafiri mita 20 au 30 ikipoteza ukali kidogo tu, bila kukatika. Vibanda umiza vimeendeshwa hivyo kwa miaka. Kosa la kuepuka ni kugawa waya mmoja kwa kichwa cha matawi mawili ili kulisha TV mbili. Kila TV inavuta mzigo wake wa omu 75, hivyo picha inafifia kwenye zote mbili. Tumia kisanduku cha kugawa chenye umeme wake.

Waya wa AV hufa taratibu, na dalili zake zinasomeka. Mstari mpana unaopanda au kushuka polepole kwenye picha, pamoja na mvumo kwenye spika, ni dalili kwamba ile nyavu ya nje ya waya imekatika au vifaa viwili vinagombana kwenye ethi (waya wa ardhi). Mlio mkali wa kukwaruza na picha hakuna: njano imechomekwa kwenye tundu la sauti. Picha ipo lakini ni nyeusi na nyeupe: hapo kuna sababu mbili za kawaida. Ama deki imewekwa mfumo wa NTSC, ule wa Marekani, na TV haiupokei, ama njano imeingia kwenye tundu la kijani wakati TV imechaguliwa "Component". TV nyingi zina tundu la kijani linalofanya kazi mbili, na limeandikwa "Video/Y". Njano huingia hapo, na lazima kwenye rimoti uchague "AV". Watu wamebeba TV nzima hadi kwa fundi kwa jambo hili ambalo dawa yake ni kubonyeza "Source" mara moja.

Kile kitundu kidogo cha "AV IN" kina mtego wake. Kichwa kinachoingia humo kina pete tatu nyeusi, kwa hiyo sehemu nne za chuma: sauti mbili, picha, na ethi. Watengenezaji hawapangi sehemu hizo kwa utaratibu mmoja. Waya wa kamera na waya wa king'amuzi unaweza kufanana kabisa kwa macho na usifanye kazi kwa kubadilishana. Ukipata sauti bila picha, hamisha njano iende kwenye nyekundu, kisha kwenye nyeupe. Picha ikitokea, waya ni wa mpangilio mwingine na unaweza kuutumia hivyohivyo kwa kubadilisha rangi. Isipotokea kokote, huenda ethi yenyewe iko mahali pengine, na hapo tafuta waya uliokuja na kifaa hicho. Angalia pia kama kichwa kimezama mpaka mwisho. Kava nene la simu lililozoea kuzuia earphone lina ndugu yake hapa: fremu ya plastiki ya TV huzuia kichwa kinene kisifike ndani.

AV inamfaa mwenye TV ya chogo, mwenye deki ya kanda, mwenye PS2 na waya wake wa asili, na mwenye kupeleka picha chumba cha mbali bila gharama. Mwenye king'amuzi cha HD na flati kubwa haimfai, labda kama hana tundu jingine.

Component: analojia inayosahaulika

Hapa mwanga unapita peke yake kwenye kijani, na habari za rangi zinagawanywa kwenye bluu na nyekundu. Kwa kuwa havikuchanganywa, TV haina cha kutenganisha. Matokeo ni picha safi ambayo mtu akiambiwa ni analojia anabisha. Inabeba HD pia: 720p na 1080i kwa kawaida (namba ni idadi ya mistari ya picha), na baadhi ya vifaa hutoa hadi 1080p.

Sauti inahitaji waya mbili za ziada, kwa hiyo vichwa ni vitano, na viwili kati yake ni vyekundu. Hapo ndipo watu hukosea. Nyekundu ya picha iko kwenye kundi la kijani na bluu. Nyekundu ya sauti iko pamoja na nyeupe. Ukizibadilisha, rangi zinaharibika na spika moja inalia vibaya. Ukibadilisha bluu na nyekundu za picha, nyuso za watu zinageuka za bluu. Kijani kisiposhika, mwanga wote unapotea na kinachobaki ni giza lenye mabaka ya rangi, kama kitabaki kitu.

Umbali wa mita 10 hadi 15 hauisumbui ikiwa waya ni wa omu 75 na zote tatu zina urefu sawa. Tatizo lake kubwa ni kwamba inatoweka. Mashine za Blu-ray zilizotengenezwa baada ya mwaka 2010 zilibanwa kutoa picha ya kawaida tu kupitia analojia, na za baada ya 2013 hazikuruhusiwa kutoa picha ya analojia kabisa, kwa ajili ya kulinda filamu zisinakiliwe. TV mpya nazo zinayaacha matundu hayo.

Inamfaa mwenye PS2, deki ya DVD nzuri, au TV ya HD ya zamani ambayo tundu lake la HDMI limeungua. Huyu wa mwisho asikimbilie kubadilisha ubao wa TV kabla ya kuchungulia kama king'amuzi chake kina kijani, bluu na nyekundu.

VGA

Ni ya kompyuta. IBM iliileta mwaka 1987, na bado kuna laptop na projekta nyingi zinazoitumia. Picha ni kali, sauti haimo kabisa, hivyo unahitaji waya mwingine wa kichwa cha earphone kwenda kwenye tundu la TV lililoandikwa "PC Audio". Mita 10 inafika ikiwa waya ni mnene. Rangi moja ikikosekana, picha yote ikawa ya njano au ya zambarau, toa kichwa ukitazame: karibu kila mara kuna pini imepinda. Inyooshe kwa kibano, kisha ufunge zile skrubu mbili za pembeni. Inamfaa mwenye kompyuta ya zamani isiyo na HDMI, na huyo tu.

HDMI

Viwango vyake vya kwanza vilitoka Desemba 2002. Hapa hakuna kugeuza: namba za pikseli zinatoka kwenye kifaa na kufika TV zilivyo. Kwa sababu hiyo, waya wa bei nafuu unaofikisha namba zote na waya wa bei mbaya unaofikisha namba zote vinatoa picha ileile, bila tofauti ya rangi wala ukali. Dhahabu kwenye kichwa huzuia kutu, jambo lenye maana Mombasa, Tanga au Unguja kwenye hewa ya chumvi, lakini haiongezi picha.

Unachopaswa kusoma kwenye pakiti ni daraja la kasi. "High Speed" hupitisha gigabiti 10.2 kwa sekunde, inatosha HD kamili na 4K (picha yenye pikseli mara nne ya HD kamili) ya picha 30 kwa sekunde. "Premium High Speed" ni 18, ya 4K ya picha 60. "Ultra High Speed" ni 48, kwa mashine mpya za gemu na 4K ya picha 120. Muuzaji akikuambia waya ni "toleo la 2.1", kumbuka matoleo ni ya vifaa, waya hupimwa kwa madaraja hayo. Kwa king'amuzi cha HD, "High Speed" ya kawaida inakidhi, na pesa ya ziada haikununulii chochote.

Sauti imo humohumo. Kuanzia toleo la 1.4 la mwaka 2009 kuna pia ARC, inayorudisha sauti ya TV kwenda kwenye spika kupitia waya uleule. Lazima itumie lile tundu lenye maandishi "ARC", na spika nazo ziwe nalo. Mwenye sabufa yenye nyeupe na nyekundu pekee hafaidiki hapo. Achukue sauti kwenye tundu la earphone la TV, kwa waya wa kichwa kimoja upande mmoja na vichwa viwili upande wa pili.

Umbali ndio udhaifu wake. Mita moja hadi tano ni salama. Kwa HD kamili waya mnene unaweza kufika mita 10, lakini kwa 4K ya picha 60 usivuke tano. Zaidi ya hapo kuna waya zenye saketi ndani au za nyuzi za kioo, na hizo zina mwelekeo: upande ulioandikwa "Source" unakaa kwenye king'amuzi, "Display" kwenye TV. Ukizigeuza hupati kitu, na utadhani umeuziwa mbovu. Kabla ya kuzika waya wa aina hii ukutani, ujaribu sakafuni saa moja nzima.

Dalili za ubovu ni tofauti kabisa na za AV. HDMI haififii. Picha ni kamili, kisha vinameremeta vinukta vyeupe huku na huku, kisha kioo kinakuwa cheusi sekunde mbili na kurudi, kisha kinagoma kabisa. Ukiona vinukta, badilisha waya au ufupishe. TV haina kosa. Kioo cheusi chenye ujumbe wa HDCP, yaani kufuli la kuzuia filamu zisinakiliwe, kinamaanisha kifaa hakikubali kutoa filamu iliyolindwa kwa TV au kigawanyio kilicho katikati. Ondoa kilicho katikati kwanza.

Kuna tatizo moja linalowapata wenye TV za "HD Ready" zenye pikseli 1366 kwa 768. King'amuzi kikiwekwa 1080p, baadhi ya TV hizo zinaandika kwamba haziipokei, na huwezi kuona menyu ili uibadilishe. Chomeka AV kwa muda, kwa kuwa ving'amuzi vingi hutoa picha pande zote mbili kwa pamoja, ingia kwenye mpangilio wa picha, weka 720p au 1080i, kisha rudi HDMI.

Na hili tunaliomba kwa dhati: usichomeke HDMI vifaa vikiwa vimewaka. Nyumba nyingi hazina ethi ya uhakika, na vifaa vya plagi ya pini mbili huacha umeme mdogo sana ukielea kwenye chuma chake. Ndiyo ile tekenya unayoihisi ukigusa nyuma ya king'amuzi. Volti zake zinaweza kukaribia nusu ya umeme wa ukutani. Mkono hauumii, lakini saketi nyembamba ya HDMI, inayofanya kazi kwa volti chache, inaweza kuungua. Vua plagi za TV na king'amuzi ukutani, si kuzima kwa rimoti tu, chomeka waya hadi uzame, ndipo urudishe umeme. Kwenye AV fanya hivyohivyo, kwa sababu ile pini ya katikati hugusa kabla ya duara la nje. Mvua ya radi ikikaribia, vua na waya wa dishi.

TV ikiwa imebanwa ukutani, acha nafasi. HDMI haina skrubu wala kufuli. Waya mzito ukining'inia unavuta tundu mpaka solda inapasuka. Kichwa cha pembe na gundi ya utepe ukutani vinaondoa uzito huo.

HDMI inamfaa yeyote ambaye vifaa vyake vyote viwili vina tundu hilo na vinakaa karibu.

Ukilazimika kuchanganya

Kifaa kina HDMI tu na TV ina AV tu, au kinyume chake: hapo unahitaji kisanduku cha kugeuza. Vipo vya aina mbili na kwa umbo ni mapacha. "HDMI2AV" hupokea HDMI na kutoa njano. "AV2HDMI" hufanya kinyume. Hakuna kinachofanya kazi pande zote, kwa hiyo soma maandishi kabla ya kulipa. Vyote vinahitaji volti 5, kwa kawaida kupitia waya wa USB, na kile cha kwanza kina swichi ndogo ya PAL na NTSC: weka PAL.

Usinunue waya mtupu wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na vichwa vitatu vya AV upande wa pili, bila kisanduku katikati. Namba za dijitali hazigeuki kuwa picha ya analojia kwa kuunganishiwa shaba. Unauzwa kila mahali, na king'amuzi chako hakitaonesha kitu kupitia waya huo.

Chagua kwa hali yako

King'amuzi cha HD na flati skrini mezani pamoja: HDMI ya mita moja na nusu, kisha ingia kwenye menyu uhakikishe kinatoa 720p au 1080i. Vingine hubaki kwenye 576 mpaka uviambie, na hapo utaona HDMI haijakusaidia kitu.

King'amuzi cha picha ya kawaida, kisicho na HDMI, kwenye flati: bakia na AV, ila nunua waya mnene wenye vichwa vya chuma. Usinunue kisanduku cha kugeuza. TV yako inafanya kazi hiyohiyo ndani yake bure.

TV ya chogo na kifaa kipya chenye HDMI pekee: "HDMI2AV", na umbo la picha liwekwe 4:3 kwenye kifaa, la sivyo watu watarefuka kama mianzi.

PS2 kwenye flati: waya wa component ikiwa TV ina matundu yake. PS4 haina analojia kabisa, kwa hiyo kwake ni HDMI.

King'amuzi kimoja, TV ya pili chumbani mita 20: sebuleni HDMI, na chumbani AV kwa waya wa RG6 kutoka tundu la njano la king'amuzi hichohicho, pamoja na sauti yake. Chumbani ikiwa ni flati kubwa na unataka HD, nunua jozi ya visanduku vya kupitisha HDMI kwenye waya wa mtandao wa Cat6, na chagua vyenye tundu la pili la HDMI upande wa king'amuzi, ili sebuleni kusibaki bila picha.